Komba wa mamangu na lemuri wa kifungoni: mnyama anajua kwamba anatazamwa?

MwalimuWaMtongwe

Assalam aleikum jamani, na habari za jioni kwa wote.

Nafundisha bayolojia katika shule ya upili huku Likoni, na nina swali limenikalia kichwani wiki nzima. Nitalieleza kirefu kidogo, mnivumilie.

Mamangu anakaa Mtongwe, nyumba yenye mwembe mkubwa uani. Kila magharibi ikishaingia, komba hushuka kwenye ule mwembe. Wakati huo mama yuko barazani juu ya mbuzi anakuna nazi, na kando yake pana sinia la maganda ya papai na maembe yaliyolainika, ya kuku wa asubuhi. Komba huja kwa ajili ya lile sinia. Nimekaa pale mara nyingi nikaona kwa macho yangu: mama akiinamia mbuzi, komba anateremka shina kichwa chini, hatua mbili, anasimama, hatua mbili tena. Mama akiinua uso tu, bila kusema neno, komba anaganda pale pale kwenye gome. Masikio yake makubwa yanajikunja, moja kisha jingine, kama karatasi inayokunjwa kwa vidole. Mama akirudia nazi yake, naye anarudia safari yake. "Komba anajua ukimtazama," ndivyo asemavyo mama, na kwake yeye jambo hilo limekwisha.

Nikalipeleka klabu ya sayansi, na watoto hawakuniacha nipumue. Mmoja akasema: mwalimu, huenda haogopi macho, anaogopa kile kichwa kinavyosogea. Wa pili akasema: huenda ni sauti, maana mama akiinua uso kukuna kunanyamaza. Wallahi hilo sijawahi kulifikiria, na ni kweli, kunanyamaza. Kisha msichana mmoja wa kidato cha tatu akauliza hili: "Mamangu huvaa ninja, mdomo na pua vimefunikwa, macho yako wazi. Nyanya yangu naye akijinyoosha mchana hujifunika leso machoni, mdomo uko wazi. Komba atajua yupi kati yao anamwona?"

Nilimwambia nitamletea jibu. Katika kusoma nikakutana na habari za lemuri, jamaa za komba waliobaki kule Bukini, yaani Madagaska, ambao akili zao hupimwa wakiwa kifungoni, mbali na kwao. Sasa naomba wanaoufahamu utafiti huo wanisaidie. Je, kuna aliyewahi kuwauliza lemuri swali la mtoto huyu? Na kama yupo, jibu la mnyama aliyezaliwa ndani ya uzio nitaliaminije nikiwa na komba ambaye hajawahi kushikwa na mtu?

Mtafiti_Tudor

Wa aleikum salaam mwalimu. Huyo binti mshike vizuri. Swali lake la ninja na leso limekwisha kuulizwa, karibu vile vile alivyolipanga yeye, na walioulizwa ni lemuri.

Mahali penyewe ni Duke Lemur Center, mjini Durham, North Carolina, kituo kilichoanzishwa mwaka 1966. Wako lemuri zaidi ya 200 pale, wa spishi nyingi kuliko mahali popote nje ya Bukini. Evan MacLean na wenzake walichapisha kazi hii mwaka 2013. Walitumia lemuri 60 wa spishi 6. Meza imewekwa, juu yake sahani mbili za chakula, na kila sahani ina mtu wake amekaa karibu nayo. Lemuri anaruka juu ya meza, anachagua amwibie nani.

Raundi ya kwanza, mtu mmoja ameielekea sahani, wa pili ameipa mgongo. Raundi nyingine wote wawili wamekaa ubavu, mmoja uso wake uko upande wa sahani, wa pili anatazama kando. Na raundi nyingine wote wameelekea mbele, mmoja amefungwa kitambaa cheusi machoni, mwenzake amefungwa mdomoni. Hiyo ndiyo leso ya nyanya na ninja ya mama.

Lemuri wa mkia wa pete, ambao kwao huishi katika makundi makubwa, walikuwa wepesi zaidi kumwibia yule asiyetazama. Wale wa familia ndogo hawakujali sana mtu ameelekea wapi. Lakini kitambaa cha machoni kiliwashinda karibu wote. Mwili uliogeuka waliuelewa. Macho yaliyofunikwa katika uso uliowaelekea hawakuyaelewa.

Angalia pia namna hofu za wanafunzi wako zilivyoshughulikiwa. Watu wale walikaa kimya, hakuna kichwa kinachoinuka, hakuna nazi inayokunwa. Kitu kimoja tu kinabadilika, vingine vyote vinabaki kama vilivyo. Barazani kwa mama vitu vitatu vinabadilika kwa pamoja: uso, kichwa na sauti. Kwa sababu hiyo watu huwapima wakiwa kifungoni, ingawa kila mtu angependa kuwaona msituni.

Na usimwache nyuma Alison Jolly. Yeye aliwatazama lemuri kwao Bukini, na mwaka 1966 akaandika katika jarida la Science kwamba lemuri wana maisha ya jamii kama ya nyani, ila hawana ule ustadi wa nyani wa kuchezea na kutatua vitu. Akapendekeza kwamba kuishi pamoja kulitangulia, akili ikafuata nyuma yake. Kazi ya 2013 ilikuwa inapima wazo la aina hiyo: ukubwa wa kundi ulikwenda sambamba na werevu wa kuwasoma wengine, lakini haukwenda sambamba na mtihani mwingine waliopewa, usiohusu watu.

MjukuuWaNzwani

Mwalimu, umenikumbusha nyanya yangu, Mola amrehemu. Kwao Visiwani Komoro lemuri mwenyewe ndiye anayeitwa komba. Alipokuja Mombasa na kuonyeshwa komba wa huku, alikataa kabisa, akasema huyo mwenye macho ya bundi ni nani.

Nataka kuwatetea hao "wasiojali". Mmoja wao ni lemuri aitwaye Eulemur mongoz, na huyo nje ya Bukini anaishi Nzwani na Mwali, visiwa vya Komoro, alikopelekwa na watu. Ni mume, mke na watoto wao, watatu au wanne, basi. Atamwibia nani? Atajificha nani asimwone? Mtu aliyelelewa katika nyumba ya watu wanne na aliyelelewa katika nyumba ya Mji wa Kale yenye familia tano na ngazi moja hawawezi kuwa na jicho moja la kumsoma jirani, na hatusemi wa kwanza ni mjinga.

Tena hao hao mongoz walipewa mtihani wa hesabu pale pale Durham, kazi ya Lewis, Jaffe na Brannon iliyotoka 2005, nami huwa naupenda sana. Mtafiti anaangusha zabibu ndani ya ndoo, moja moja, lemuri anatazama. Ndoo ina kitako cha uongo, baadhi ya zabibu zinafichika chini yake. Lemuri anaingiza mkono, anazitoa zile zinazofikika. Kama anaelewa kwamba nyingine zimebaki, ataendelea kupekua ndoo tupu. Na waliendelea kupekua, mradi zilizoangushwa ziwe mara mbili ya zilizofikika: 1 na 2, 2 na 4, 4 na 8. Ilipokuwa 2 na 3 wakashindwa. Namwona kabisa akiwa na mkono ndani ya ndoo tupu, akitafuta zabibu anayoijua kwamba imo.

Na mongoz sasa yuko katika hatari kubwa ya kutoweka duniani. Mwaka 2020 spishi 103 kati ya 107 za lemuri zilihesabiwa kuwa hatarini. Ukiwafundisha watoto akili zake, wafundishe na hilo.

MzeeWaKizingo

Wanangu, nimesoma yote na nimefaidika. Ila neno "kifungoni" linanikereketa, na nitasema kwa nini.

Nilipokuwa na miaka tisa au kumi, jirani yetu mmoja alikamata komba mchanga, akamtia katika sanduku la mbao la sabuni lenye wavu mbele. Tulikuwa tukimtazama usiku kwa taa ya chemni. Alizunguka. Kona ile, kona hii, juu, chini, kona ile. Njia ile ile, usiku kucha, mpaka mbao zikapata alama ya nyayo zake, maana komba hujilowesha mikojo viganjani. Hakuishi mwezi. Mkinambia mnyama wa kifungoni amefanya hivi au hakufanya vile, mimi naliona lile sanduku.

Nauliza kwa nia njema: mnyama ambaye tangu kuzaliwa mtu ndiye humletea zabibu, ukikaa mbele yake na kitambaa usoni unapima nini? Akili yake, au mazoea yake na wewe?

Mtafiti_Tudor

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni zito, na sehemu yake siwezi kuipinga.

Kwanza lile sanduku. Lemuri wa Durham miezi ya joto wengi wao hutolewa wakaishi ndani ya msitu uliozungushiwa uzio. Kituo hakipokei utafiti wa kuwadhuru. Nami nimehudumia wanyama wa kifungoni miaka kadhaa, na nililojifunza mapema ni kwamba mnyama aliyelazimishwa hukupa jibu la hofu, wala si jibu la swali lako. Mlango ukiwa wazi, akiinuka akaenda zake, jaribio limekwisha kwa siku hiyo.

Sehemu nisiyoipinga ni hii: mtihani wa kitambaa unaonyesha lemuri anavyomsoma binadamu. Huenda anamsoma lemuri mwenzake kwa kina kingine kabisa, tena kwa pua, maana hawa ni watu wa harufu. Madume wa mkia wa pete hupaka mkia harufu ya tezi za mkononi wakapeperushiana wakigombana. Akishindwa na kitambaa, siandiki kwamba hana akili hiyo. Naandika kwamba ameshindwa na kitambaa.

Ndiyo sababu napenda kazi ya Ipek Kulahci na wenzake ya mwaka 2018, kwa sababu pale binadamu aliondoka katikati. Lemuri wa mkia wa pete waliwekewa kisanduku kinachoonyesha ndani, chenye droo, na zabibu ndani ya droo. Baadhi walijifunza kuivuta, wengine wakatazama. Watafiti walikuwa wamekwisha kuandika nani anamsafisha nani manyoya kabla ya jaribio, wakaandika tena baadaye. Wale mafundi wa droo, waliofungua mara nyingi wenzao wakiona, walianza kusafishwa manyoya na kuendewa zaidi kuliko mwanzo, ingawa wao wenyewe hawakuongeza kuwasafisha wenzao. Kundi lilimwona anayejua, likasogea kwake. Jambo hilo si mazoea na mtu.

Mwalimu, sasa komba wako. Ana uhusiano wa kweli na lemuri: wote wana meno ya chini yaliyopangika kama kitana, wote wana ukucha wa kujikunia katika kidole cha pili cha mguu. Lakini komba hutafuta chakula peke yake usiku, hata kama mchana hulala na wenzake. Kwa hesabu ya ukubwa wa kundi ningetegemea asijali sana uso umeelekea wapi. Kwa hivyo kama mama ana haki, ni jambo kubwa. Anza na sauti.

Na tafadhali, lile sinia liingizwe ndani. Komba akizoea sinia ataingia jikoni, kisha atapigwa na mtu, kama tunavyoona kwa tumbili wa Diani. Maembe yanayoanguka yenyewe yanatosha. Na asijaribu mtu kumkamata ampime. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haitaki ufuge mnyama wa mwituni bila kibali.

MwalimuWaMtongwe

Ahsanteni sana nyote, na mzee wetu nakushukuru kwa lile sanduku. Nimewasomea watoto neno kwa neno, na hakuna aliyecheka wala kunong'ona mpaka nikamaliza.

Sinia limeingizwa ndani. Mama alinung'unika kidogo kwa ajili ya kuku, kisha akakubali. Sasa komba anashukia maembe yaliyoanguka chini ya shina, na baraza iko hatua saba kutoka hapo, nimepima.

Jioni ya kwanza nilimwomba mama aache kukuna bila kuinua uso. Akanyamaza, ameinama vile vile, mkono juu ya kifuu. Komba akasimama. Masikio yakajikunja. Nikahesabu moyoni mpaka ishirini na mbili, ndipo akateremka tena, mama bado kainama.

Jioni ya pili tukageuza. Mama aliendelea kukuna, lakini kainua uso akimtazama moja kwa moja. Komba akaja. Hatua mbili, akasimama, hatua mbili, akafika kwenye tako la mwembe, na hapo akaganda. Tulikaa hivyo sisi watatu, nazi inakunwa, yeye na mama wametazamana. Hakushuka mpaka mama alipoinama.

Kwa hiyo sauti imo, na uso nao umo. Jioni mbili hazitoshi, najua, na jioni ya pili mbalamwezi ilikuwa kali kuliko ya kwanza. Nilipomwambia mama kwamba huenda komba humsikiliza kabla ya kumtazama, alifikiri, akasema, "Basi ndio maana nikikuna haraka yeye huja haraka." Hilo nalo tumeliandika tulichunguze.

Leso bado. Yule binti ndiye mwenye daftari sasa, amelipiga mistari mwenyewe: kukuna, kichwa, uso, leso machoni, leso mdomoni, mbalamwezi. Ijumaa anakuja Mtongwe na mamake. Mtafiti_Tudor, kabla hajaja, nielekeze: jioni ngapi kwa kila mstari ndipo tuanze kuamini tulichokiona?