Tupeane uzoefu: kupiga picha mbwa wa njiani, Iringa hadi Kyela

Wakuu, anayejua kukutana na mbwa wa njiani na picha zikatoka, amwage hapa. Tunataka maujuzi tu, hadithi za safari zina uzi wake.

Wa Mafinga: Anza na gari. Kwenye mlima wa Kitonga usisimame hata mbwa awe mzuri vipi: kona kali, pembeni hakuna nafasi, na malori yanashuka breki zimepata moto. Subiri Ilula, wanalala chini ya meza za nyanya. Egesha mbali kidogo, zima injini, kisha salimia watu kwanza. "Kamwene" kwa Wahehe na Wabena inafungua milango kuliko kamera. Karibu kila mbwa unayemwona ana mwenyewe, na huyo mwenyewe ndiye wa kumwita mbwa wake akageukia kamera.

Chuchumaa ubavu ubavu, usimkazie macho, usipitishe mkono juu ya kichwa chake. Jike anayenyonyesha mwache kabisa.

Wa Uyole: Naongezea hapo. Mbwa mweusi kwenye ukungu ndiye anayewashinda wengi. Kamera ikiona weusi umejaa inaongeza mwanga, basi manyoya yanatoka kijivu kama masizi yaliyomwagiwa maji, na ukungu nyuma unaungua mweupe. Kwenye kamera punguza mwanga kwa ile alama ya +/- (exposure compensation), ifike -0.7 hadi -1. Kwa simu, gusa jicho la mbwa kwenye kioo, shikilia mpaka fokasi ijifunge, halafu vuta kile kijua kidogo kushuka chini. Mbwa mweupe, kinyume chake. Kasi ya shata sekunde 1/500 kwa anayetembea, 1/1000 kwa anayekimbia. Na shuka mpaka usawa wa macho yake, magoti yachafuke. Ukipiga umesimama unapata mgongo na masikio tu.

Saa nne asubuhi mpaka saa kumi jua ni kali, mtafute kivulini.

Wa Kyela: Ukishuka huku kutoka baridi ya Uyole lenzi inaloa, maana kioo bado cha baridi na hewa ya huku ina joto na unyevu. Funga kamera kwenye mfuko wa nailoni ungali juu, ifungue ikishapata joto. Kufutafuta na shati ni kukwaruza kioo bure.

Wa Mafinga: Biskuti msirushe kando ya lami. Mbwa anajifunza kukimbilia magari, na lori linalofuata halina biskuti.

Wa Tukuyu: Mnasahau kichaa cha mbwa. Anayechuruzika mate, taya limelegea, anayumba au anauma hata vijiti: rudi garini. Mpole kupita kiasi asiyekujua naye mtilie shaka. Akikuuma au kukukwaruza, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, usipake mafuta wala pilipili, na kituo cha afya siku hiyo hiyo ukachomwe chanjo. Mtoto wa mbwa naye anaambukiza.

Swali: Jioni niwashe flashi?

Wa Uyole: Zima. Macho yanatoka kijani, na picha ya pili hutaipata.