Je, kuachishwa jeshi kwa heshima kunathibitisha utumishi wa heshima?

Mwalimu, Mafinga
Ndugu zangu, kamati ya shule yetu inatafuta mlinzi, na mmoja wa waombaji ni mzee ambaye barua yake inasema alimaliza utumishi jeshini kwa heshima. Wajumbe wenzangu walipoisoma waliona mjadala umekwisha. Mimi nasita, si kwamba namtilia shaka, bali sijui barua hiyo inapima nini hasa: tabia ya mtu, au kutokuwepo kwa kesi dhidi yake?

Mstaafu, Uyole
Mwalimu, mimi nimevaa magwanda. Barua hiyo hutokana na jalada, na ndani ya jalada huingia kile tu ambacho mkubwa wako alikiona na akakubali kukiandika. Nilimfahamu askari mmoja ambaye buti zake ziling'aa kila paredi na hakuwahi kuchelewa zamu, lakini kila mwisho wa mwezi alikuwa "akiwakopa" vijana posho zao bila kuzirudisha, na hakuna aliyethubutu kumshtaki. Naye aliagwa kwa heshima zote.

Mnyalukolo wa Kihesa
Shikamoo afande. Wamarekani wana madaraja kadhaa ya kuachishwa, na mawili ya chini kabisa hayatolewi bila hukumu ya mahakama ya kijeshi. Hata hivyo, Timothy McVeigh, aliyepigana Vita vya Ghuba na kupewa nishani, aliachishwa kwa heshima mwaka 1991. Miaka minne baadaye alilipua jengo la serikali Oklahoma City na kuua watu 168. Kinyume chake, mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliwafukuza bila heshima askari weusi 167 kwa tuhuma za ufyatuaji risasi mjini Brownsville, Texas, pasipo kesi yoyote. Jeshi lilibatilisha uamuzi huo mwaka 1972, wakati karibu wote walikwisha kufa.

Binti Tukuyu
Marahaba haziniangukii mimi, lakini naomba nipinge kidogo. McVeigh alitenda uovu wake akiwa raia, kwa hiyo mfano huo hauonyeshi kwamba hati yake ilidanganya kuhusu miaka aliyotumikia. Unaonyesha tu kwamba hati haitabiri. Wa Brownsville ndio wenye uzito, maana pale heshima iliondolewa kwa amri ya mtu mmoja. Tena tusiidharau barua ya mzee huyu: bila hiyo, angejitetea kwa kitu gani mbele ya uvumi wa mtaani?

Mstaafu, Uyole
Binti, hapo umenena. Basi Mwalimu, barua muipokee, ila msiwapigie simu wakubwa zake. Tafuteni waliokuwa chini yake, kwa kuwa hao ndio waliomwona siku ambazo hakuna afisa aliyekuwepo.

Mwalimu, Mafinga
Ahsante sana, mzee wangu. Katika maombi yake ameandika kwamba aliongoza zamu ya ghala kwa miaka kadhaa. Nitaiomba kamati imtake majina mawili ya vijana wa zamu hiyo kabla ya kikao cha Alhamisi.