Tilapia wa Ziwa Jilore hukua upesi kisha hudumaa: je, ni njaa?

Mkaazi wa Jilore

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Kwetu ni Jilore, bara kidogo kutoka Malindi mjini. Mto Sabaki ukifurika, maji yake huingia ziwani, na baada ya wiki chache ukingo mzima hujaa vifaranga wa tilapia wembamba kama punje za mchele. Miezi ya mwanzo hukua mtu akiwaona kwa macho, lakini wakishafika upana wa kiganja husimama hapo hapo, na mchuuzi wa sokoni huwatazama kwa dharau.

Nilidhani ni njaa, kwa hiyo nikapasua matumbo ya samaki kumi na wawili. Sita niliwatoa majini saa moja asubuhi, na utumbo wao ulikuwa na uji wa kijani kibichi. Sita wengine niliwatoa alasiri, na uji wao ulikuwa wa rangi ya kahawia. Wote walikuwa wameshiba. Ami yangu ashikilia kwamba chakula hicho hakina nguvu, na ataka tuchange pesa tuwe tukimwaga pumba za mahindi ziwani kila jioni. Naomba ushauri kabla hatujatoa mchango.

Mwalimu wa Gede

Wa alaikum salaam, ndugu. Umefanya jambo ambalo wengi hulikwepa kwa sababu ya harufu, na hizo rangi mbili ulizoziona zina maana. Katika Ziwa George, nchini Uganda, wataalamu walichunguza tilapia wanaokula mwani (ule mdogo mno unaoyapa maji rangi ya kijani) na wakakuta kwamba samaki huyo huutegemea ukali wa asidi ya tumbo lake ili kuupasua mwani wenye ngozi ngumu. Usiku samaki huyo hali chochote, na asidi hupungua. Asubuhi anapoanza kula, chakula cha kwanza hupita kikiwa bado kibichi, na ndiyo maana hubaki kijani. Kadiri jua linavyopanda, asidi huongezeka hadi ikaishinda ya ndimu, na mwani uliomeng'enywa hugeuka rangi ya kahawia. Samaki wako wa alasiri, basi, walikuwa wakifaidika na walichokula.

Hata hivyo, usiwapime vifaranga kwa matumbo ya wakubwa. Kifaranga wa tilapia huanza maisha kwa kiini cha yai alichobeba tumboni, na kikiisha hula kile tu kinachoingia kinywani mwake: kwanza viumbe wasioonekana kwa macho, kisha vijidudu vya maji ambavyo ukivichota kwa glasi na kuvielekeza kwenye mwanga utaviona vikirukaruka, na baadaye mabuu ya visubi yaliyo topeni. Mwani huwa chakula chake kikuu akishapata urefu wa sentimita tano au zaidi. Vijidudu hivyo navyo hula mwani, na mwani hauoti pasipo mwanga. Ndiyo sababu maji ya Sabaki yakiwa mekundu kwa udongo ziwa huwa kama limelala, na udongo ukishatuama, rutuba iliyokuja nao huliamsha. Kasi unayoiona miezi ya mwanzo inatokana na hapo. Kwa maoni yangu, ziwa likianza kukauka chakula hicho cha awali hupungua, na kudumaa kunaanzia hapo.

Mzee wa Madema

Mwanangu, Mwalimu amesema kweli kuhusu maji, lakini samaki hakai katika maji matupu. Kifaranga hukaa penye matete na nyasi zilizofunikwa na mafuriko, kwa kuwa hapo maji ni ya vuguvugu, vijidudu vimejaa, na samaki mkubwa hapenyi kwa urahisi. Siku hizi matete hukatwa mpaka kwenye tope, na watoto huvuta chandarua ukingoni kutwa kucha. (Chandarua tulipewa cha mbu, si cha samaki, lakini hilo tumeshalisema hadi sauti zimekauka.)

Jambo la pili. Miaka ambayo kambale walikuwa wengi, tilapia walikuwa wachache na wanene. Tangu kambale wapate bei na ndoana zijae, tilapia wamekuwa wengi kama nzige, na wote ni wadogo. Mimi sikusoma elimu hiyo, nasema niliyoyaona.

Mfugaji wa Mpeketoni

Shikamoo, Mzee. Hayo uliyoyaona ndiyo tunayoyafanya kwa makusudi huku Lamu bara: wafugaji wa mabwawa huchanganya kambale kidogo na tilapia ili awapunguze vifaranga waliozidi.

Kwa heshima, Mwalimu, sikubaliani nawe kwamba chanzo cha kudumaa ni chakula cha awali. Samaki aliyekosa chakula uchangani hudumaa akiwa bado kifaranga, ilhali hawa wamekua vizuri kisha wakasimama. Tilapia wakibanana, au maji yakipungua, huanza kuzaa wakiwa na miezi mitatu au minne, na nguvu ambayo ingejenga mwili huishia kwenye mayai. Jike huatamia mayai kinywani mwake, na kwa muda wa karibu wiki mbili huwa hali kitu cha maana. Akimaliza, baada ya muda mfupi huanza tena. Mwili huo utakua saa ngapi?

Ndugu wa Jilore, pumba usiimwage. Bwawani naipima na kuiangalia ikiliwa. Ziwani itazama na kuoza, na uozo hula hewa iliyo majini, ambayo kabla ya alfajiri huwa tayari imepungua kuliko wakati wowote. Mtaamka mkute samaki wakitweta juu ya maji. Badala yake, pasua tena, safari hii utafute mayai. Samaki mwenye kichwa kikubwa, mwili mwembamba na mayai yaliyokomaa si mtoto, ni mzee aliyedumaa.

Mwalimu wa Gede

Hoja imenifika, nami naikubali kwa samaki wa ukubwa wa kiganja. Kwa vifaranga bado nasimama na udongo na mwanga. Anayetaka kuujua umri wenyewe atazame kijiwe kilicho ndani ya sikio la samaki, kwani katika samaki mchanga huongezeka duara moja kila siku, ila kuyahesabu kunahitaji hadubini.

Mkaazi wa Jilore

Nawashukuru nyote. Jana nimepasua kumi wengine, hakuna aliyezidi sentimita kumi na mbili, na saba kati yao walikuwa majike wenye mayai. Jike wa nane, nilipomtia katika karai, alifungua kinywa akatema vifaranga wengi mno, nami nikawarudisha wote ziwani pamoja na mama yao.

Ami ameyaona kwa macho yake na ameahirisha mchango wa pumba. Sasa ataka matete ya upande mmoja yasikatwe hadi mvua za vuli zipite, na wenye vyandarua wameitikia. Wenye ndoana za kambale tumewaita kikaoni mara mbili, na hawajaja.