Mrejesho: Impreza ya rali iliyolala miaka sita imewaka

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini Subaru Impreza GC8 (kizazi cha kwanza cha Impreza) ya rali iliyoegeshwa miaka sita inapigwa stata lakini haiwaki. Ni petroli iliyochacha: nozeli mbili za kunyunyizia petroli zilikuwa zimeganda kwa utando wa kahawia unaonata kama gundi. Tangi limemwagwa na kuoshwa, filta mpya.

Kabla ya stata tulitoa plagi, tukatia mililita 5 za oili kila silinda, tukazungusha krenki (shafti kuu ya injini) taratibu kwa soketi ya milimita 22. Kisha stata, fyuzi ya pampu ya petroli ikiwa nje ili injini isiwake, hadi taa ya presha ya oili ikazimika.

Taiming belti (mkanda unaounganisha krenki na mfumo wa valvu) badilisheni pamoja na tensheni, kifaa kinachoukaza, hata ikionekana nzima. Ikikatika, valvu zinagongana na pistoni.

Imebaki mikanda ya usalama: tarehe ya mwisho kwenye lebo ya FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) imepita, mkaguzi wa rali hataipitisha hata kama haijachanika.