Nimekulia Anglikana ya UMCA, sasa nasali kila jioni na Wakatoliki wenye sala zetu. Naombeni ushauri

MwanaBonde

Habari za humu ndani ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Ni maelezo marefu kidogo, nivumilieni. Sijawahi kuyatoa nje ya nyumba yangu.

Nimezaliwa Muheza, Tanga, katika kijiji ambacho kanisa lake ni tunda la misheni ya Magila ya UMCA, wale wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza. Wanaoijua Anglikana ya upande ule hawahitaji maelezo: Misa tunaiita Misa, ubani upo, kengele zipo, magoti yanapigwa. Babu yangu alikuwa mwalimu wa kanisa. Padri alikuwa na vijiji vingi, kwa hiyo siku nyingi babu ndiye aliyegonga kengele alfajiri na jioni na kusalisha. Kuna jioni tulikuwa watatu tu: babu, bibi mmoja jirani, na mimi niliyebeba chemli. Babu hakuruka hata mstari mmoja wa Zaburi kwa sababu watu ni wachache.

Sasa niko Marekani, jimbo la Texas, huu ni mwaka wa sita. Mke wangu ni Mkatoliki wa Kilimanjaro. Tulifunga ndoa kanisani kwao kwa kibali cha askofu, na watoto wetu wawili wamebatizwa kwao. Mwaka jana tulihama nyumba, na karibu na tulipohamia kuna kanisa dogo la Kikatoliki. Mke wangu akasema twende tukalione. Tuliingia saa 11 jioni, watu hawafiki kumi. Zaburi zikaanza. Likasomwa Agano la Kale, ukaimbwa Wimbo wa Maria, likasomwa Agano Jipya, ukaimbwa Wimbo wa Simeoni. Kiingereza chao ni cha zamani sana na nusu yake sikukielewa, lakini mwili wangu ulijua pa kusimama kabla wao hawajasimama. Nilipofika "Sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako, kwa amani", nikaitikia kwa Kiswahili kimoyomoyo, na machozi yakanitoka mbele ya watoto.

Baada ya sala tulikaribishwa chai. Padri akatutambulisha kwa mke wake. Mke wangu alinitazama kama anayesema tumepotea kanisa! Ndipo tukaelezwa kwamba ni parokia ya Kikatoliki ya watu waliotoka Anglikana, wako chini ya Papa, na wameruhusiwa kuja na sala zao.

Tangu hapo naenda karibu kila siku kabla ya zamu yangu ya usiku ghalani. Wameniomba niwe nasoma somo la kwanza siku za Jumatano. Jumamosi tunafanya usafi, mke wangu ameshawapikia pilau mara tatu, wanangu wana marafiki pale. Nimezoeleka. Lakini Jumapili kwenye Komunyo nabaki benchini kwa kuwa mimi si Mkatoliki, mke wangu anakwenda mbele. Nikiingia kwao kabisa, basi siku nitakayorudi Muheza nitabaki benchini wakati mama yangu anakwenda mbele. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kuna jambo jingine: mwezi ujao zamu yangu itaanza saa 10 jioni, kwa hiyo Sala ya Jioni itanipita siku tano kwa wiki. Naogopa nikikatika mwezi mmoja nitakuwa nimekatika moja kwa moja.

Aliyepitia haya anisaidie. Je, niingie? Na nimwambieje mama?

Kengele_ya_Jioni

Pole na hongera kwa pamoja, kaka. Mimi ni mtu wa Masasi, naishi London, nilipokelewa miaka kadhaa iliyopita. Hayo machozi nayajua.

Nianze na mambo ya utaratibu, kwa sababu wengi wetu tuliyakuta njiani. Kinachoitwa Ordinariati, yaani mfumo wa parokia kama hiyo yenu, kilitokana na waraka wa Papa Benedikto 16 wa mwaka 2009. Ziko tatu tu duniani: ya Uingereza ilianza Januari 2011, ya Marekani na Kanada Januari 2012, ya Australia Juni 2012. Yenu ina kanisa kuu lake Houston, limepewa jina la Mama Yetu wa Walsingham. Kila moja inaongozwa na mkubwa wake kama jimbo, ila mipaka yake inafuata watu na si ardhi. Hao mapadri wenye wake walikuwa wachungaji wa Kianglikana na wakapewa kibali kimoja kimoja. Kijana asiyeoa akianza seminari leo ataishi useja kama mapadri wengine, na askofu hawezi kuwa mwenye mke.

Kuhusu wewe mwenyewe: hutabatizwa upya. Ubatizo wa Muheza ni ubatizo. Utafundishwa, utaungama, utatamka imani, kisha utapewa Kipaimara na Komunyo. Hapo kwenye Kipaimara jiandae moyoni, kwa sababu utaambiwa kile cha kwanza hakihesabiki. Inatokana na tamko la Papa Leo 13 la mwaka 1896 kwamba daraja za Kianglikana, yaani uaskofu na upadri wao, ni batili. Mimi kiliniuma. Nilimkumbuka askofu aliyeniwekea mikono nikiwa na miaka 13, nikamwambia padri wangu wazi kwamba sitasema siku ile ilikuwa bure. Akanijibu hakuna anayeniomba niseme hivyo, wala kwamba Mungu hakuwepo. Nilikaa na jibu hilo mwaka mzima kabla ya kuendelea. Na wewe usikimbizwe na mtu.

Mkeo amezaliwa Mkatoliki, kwa kawaida mtu kama yeye haandikishwi Ordinariati, ila wewe ukiwa mwanachama naye anaruhusiwa kwa kuwa ni familia moja. Asipoandikishwa hapungukiwi kitu, maana Mkatoliki yeyote anapokea Komunyo pale.

Mkunazini

Mimi ni Mwanglikana na nitabaki Mwanglikana, kwa hiyo nitasema la upande wa pili, kwa upendo.

Ndugu MwanaBonde, ulichokililia jioni ile ni sala ya babu yako. Sala hiyo unayo tayari, hukuhitaji Roma ikurudishie. Askofu Edward Steere alikaa Unguja akaiweka lugha ya Kiswahili mezani ili watu wetu wasali kwa maneno yao, na kanisa la Mkunazini likasimama pale palipokuwa soko la watumwa. Askofu Frank Weston, aliyefariki Hegongo, kwenu kabisa, mwaka 1924, aliwaambia Waanglikana wenzake London mwaka 1923 kwamba huwezi kudai unamwabudu Yesu katika tabernakulo (kisanduku cha Ekaristi kanisani) ikiwa humhurumii Yesu katika vibanda vya maskini. Hayo ni ya kwetu. Tuliyapata ndani ya kanisa letu.

Sikukatazi. Nakuuliza tu kwa dhati: unaamini Askofu wa Roma ana mamlaka juu ya Kanisa lote, kwa jinsi Wakatoliki wanavyofundisha? Kama unaamini, nenda, na mimi nitakuombea. Kama huamini, na unachotaka ni Zaburi, ubani na watu wa kunywa nao chai, basi usiape mbele ya altare kitu ambacho moyo haujakubali. Utaulizwa kutamka kwamba unaamini yote yanayofundishwa na Kanisa Katoliki. Neno hilo "yote" si dogo.

Na kaa ukijua, hapo benchini unapokaa sasa si mahali pa aibu.

Kengele_ya_Jioni

Mkunazini, nakubaliana nawe kwenye hilo swali. Ndilo lililonichukua muda kuliko yote, kuliko hata Kipaimara. Mimi jibu langu lilikuwa ndiyo, lakini sikulipata kwa kusikiliza kwaya.

Katekista_Mstaafu

Kwa ufupi, maana wenzangu wamesema vizuri. Afrika Mashariki hakuna Ordinariati. Ukipokelewa huko na siku moja ukarudi nyumbani kuishi, jina lako litabaki kwenye daftari lao, lakini utasali parokia ya kawaida kama sisi. Hutakuta Zaburi zile wala ile sala ya makombo ya chini ya meza kabla ya Komunyo. Utakuta jumuiya ndogo ndogo, saa 12 alfajiri nyumbani kwa fulani, rozari, somo la Injili, michango ya msiba na ratiba ya kufagia kanisa. Muulize mkeo, atakueleza. Fikiri kama unaweza kuwa Mkatoliki kwenye benchi hilo pia. Huko ndiko utakakozeekea.

MamaNuru

Marahaba wanangu wote. Mimi ni muuguzi Toronto, nimefanya zamu za usiku miaka 19, na nilikuwa Mwanglikana wa Korogwe. Mambo ya Papa wamekueleza wenye elimu. Mimi nikushike mkono kwenye hiyo zamu, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopotelea.

Kwanza, acha kufikiri kwamba siku usiyofika sala imekatika. Wale wanane wakisali saa 11 jioni, Kanisa limesali. Babu yako alipogonga kengele, watu waliokuwa shambani walisimama na jembe mkononi, sivyo? Hawakuwa kanisani na walikuwa wamo.

Pili, chagua sala moja ishike kabisa. Ukitoka ghalani alfajiri, shika ya asubuhi. Utakuwa umechoka, kwa hiyo usianze na kitabu chote. Anza na "Ee Bwana, uifumbue midomo yangu", Zaburi za siku hiyo, Baba Yetu, ukalale. Zaburi kwa mpangilio wa kale zimegawanywa kwa siku 30, asubuhi na jioni: tarehe 1 asubuhi ni ya 1 hadi ya 5, jioni ya 6 hadi ya 8, mpaka tarehe 30 jioni unamaliza na ya 150. Huhitaji kalenda ya kanisa, tarehe ya simu inatosha. Fuata kwa Biblia yako ya Kiswahili, sura zinalingana, ni hesabu ya mistari tu inayotofautiana kidogo hapa na pale. Ukifika siku ya mapumziko ukaenda kanisani, unawakuta mahali palepale ulipo wewe. Hiyo ndiyo siri yake, hamuachani.

Tena soma kwa kituo. Kila mstari una pumziko katikati. Kanisani watu wote wananyamaza hapo kwa pumzi moja. Ukisali peke yako ndani ya gari, nyamaza pia. Utawasikia.

Tatu, mkeo na watoto waendelee kwenda jioni. Mtoto akupe somo lililosomwa, hata kama ni sentensi mbili kwenye simu wakati wa mapumziko yako. Na kile kisomo chako cha Jumatano omba kihamishiwe siku uliyo huru, usikiache kimya kimya. Watu wa parokia ndogo wanahesabu vichwa, kesho wataanza kusema umekasirika.

Kuhusu mama: mpigie, usimwandikie. Na usianze na neno "kuhama".

MwanaBonde

Nimesoma yote zaidi ya mara moja, na mke wangu pia. Mungu awabariki.

Jana nilimpigia mama. Nilianza kwa kumweleza Sala ya Jioni ilivyo huku, jinsi tunavyosimama, jinsi tunavyoitikia. Alifurahi sana, akaniimbia Wimbo wa Maria kwenye simu, "Moyo wangu wamwadhimisha Bwana", kwa ule mtindo wa kwetu. Kisha akauliza ni kanisa gani hilo. Nikamwambia. Akanyamaza. Akauliza kama nitapewa Kipaimara tena. Nikasema ndiyo, ikiwa nitaingia. Mama akasema, "Shati jeupe la siku ile nililishona mimi, kwa mkono, kwa sababu cherehani ilikuwa imeharibika." Hakusema zaidi. Aliniambia atazungumza na padri wake kwanza, nimpe muda.

Kwa hiyo sijaamua. Swali la Mkunazini nimelipeleka kwa padri wa huku, na alisema ni swali sahihi, tutakutana siku zangu za mapumziko tusome pamoja bila kupanga tarehe ya kupokelewa. Somo langu limehamishiwa Jumapili jioni. Leo nimesali ya asubuhi ndani ya gari, nje ya ghala, kama Mama Nuru alivyosema. Nilipofika kwenye kituo nilinyamaza.

Mkunazini

Mpe salamu mama, mwambie kuna Mwanglikana wa Unguja anamwombea yeye na wewe. Likizo ukipita Mkunazini nitafute, tutasali Sala ya Jioni pamoja. Kwa sala hiyo hakuna anayehitaji kubaki benchini, maana haina Komunyo.

MamaNuru

Vizuri mwanangu. Leo ni tarehe 15. Jioni ni Zaburi ya 78 peke yake, na ni ndefu kweli, watoto watachoka. Mwambie mkeo awape uji kabla ya kwenda.