Sini gani ya mhusika kugeuka kwenye anime haijawahi kukutoka kichwani?

Kivuli_Cheusi
Wakuu habari zenu. Nimekuwa narudia Hunter x Hunter ile ya 2011, nimefika tena episodi ya 131 na imebidi nije kufungua huu uzi maana ile kitu siwezi kukaa nayo peke yangu. Swali ni hili, sini gani ya mhusika kugeuka, iwe kapata nguvu mpya au kawa kitu kingine kabisa, ambayo mpaka leo ukiikumbuka mwili unasisimka? Na sababu muhimu, msitaje jina mkapita. Spoila ruksa humu, kama anime fulani hujamaliza ruka komenti yake.

Kwangu ni Gon, yule mtoto steringi, mbele ya Pitou, mlinzi wa mfalme wa Chimera Ant, viumbe wala watu. Kwa waliosahau, Kite, mwalimu wake Gon, ndo alibaki nyuma kule NGL, nchi walikoanzia hao Chimera Ant, mkono mmoja umeshakatwa na Pitou, ili Gon na rafiki yake Killua wakimbie, na tokea siku ile Gon amejiaminisha kwamba Kite bado anaweza kurudi kawaida. Anavamia jumba la mfalme kwa ajili ya hilo tu. Anamkuta Pitou anamtibu Komugi, msichana kipofu ambaye mfalme anamjali, anakubali kumpa saa moja, anakaa chini sakafuni anamkodolea macho, na ule ukimya wake mi uliniogopesha kuliko mapigano yote ya kabla. Baadae wanafika alipo Kite na Pitou anamwambia wazi, huyu alishakufa, harudi. Basi. Nen yote, yani nguvu ya uhai wanayopigania, ambayo angekuja kuipata maisha yake yote anaiita ije sasa hivi, mwili unakua unakuwa wa mtu mzima, nywele zinapanda juu hazina mwisho, na uso hauna kitu, hauna hata hasira.

Anime nyingi steringi akigeuka tunasimama kushangilia, hapa anashinda na unatamani asingeshinda kwa njia hii. Na Pitou sasa, anaona kabisa kifo kimefika, lakini kilichopo moyoni mwake ni afueni kwamba huyu mtoto amemwangukia yeye na sio mfalme wake. Adui anakufa kwa mapenzi na steringi anaua akiwa mtupu. Halafu Killua anafika anamkuta rafiki yake ana mwili asioujua. Haya leteni zenu.

Mkongwe_wa_Namek
Mkuu umeeleza vizuri sana ila bila vita ya sayari ya Namek hakuna huyo Gon. Dragon Ball Z episodi ya 95, mwaka 1991, steringi Goku anakuwa Super Saiyan, umbo la nguvu kubwa la watu wa asili yake, kwa mara ya kwanza. Watu wanakumbuka nywele za dhahabu na makelele, ila angalia ilivyopikwa. Kwenye ile vita anayegeuka ni adui yake Frieza, kageuka mara tatu Goku hajageuka hata mara moja, na kila akigeuka matumaini yanazidi kupungua, kwa hiyo sisi watazamaji tumeshazoeshwa kwamba kugeuka ni jambo la adui, ni jambo la kutisha. Genki Dama, lile bomu la nguvu la Goku, imeshatupwa, watu wamepumua wakijua yameisha, mara mwenzao Piccolo anatobolewa, rafiki yake Krillin ananyanyuliwa hewani analipuliwa huku anaita jina la Goku. Na Krillin alishawahi kufa akafufuliwa, Dragon Balls za Dunia, mipira inayotimiza matakwa, hazimrudishi mtu mara mbili, Goku analijua hilo.

Sasa tazama nywele zenyewe. Hazibadiliki kwa mpigo. Zinasimama, zinawaka dhahabu, zinarudi nyeusi, zinawaka tena, mawe yanapanda, radi zinapiga, na Goku anatetemeka kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke. Halafu mlango unafunguka. Kitu cha kwanza cha maana anachofanya ni kumwambia mwanae Gohan amchukue Piccolo aondoke haraka wakati yeye bado ana akili zake. Yani anajiogopa mwenyewe! Hiyo sehemu wengi waliokuja kuiga wameisahau, wamechukua rangi ya nywele wakaacha woga.

Na Toriyama, mchoraji wa Dragon Ball, aliwahi kueleza kwamba msaidizi wake alikuwa anapoteza muda mwingi kupaka wino mweusi kwenye nywele za Goku, Super Saiyan zinaachwa nyeupe kwenye manga, vitabu vya michoro, na kazi inapungua. Kitu kilichorahisisha kazi ya mezani kikawa picha inayojulikana dunia nzima. Alitutoka Machi 2024, na kila mhusika anayewaka aura leo ana deni kwake.

bintiMwezi
Naona mnataja vifo na hasira tu, utadhani mtu hawezi kugeuka bila kufiwa. Wakati Goku anawaka kule Namek, wasichana wa anime walikuwa wanageuka siku nyingi tu, Cutie Honey ni ya 1973 hiyo, na Sailor Moon ikaanza 1992 ikaifanya kuwa ibada. Usagi, steringi wake, ni mlizi, mvivu wa kusoma, kila siku anachelewa shule. Anainua mkono anatamka maneno yake, riboni zinatoka kifuani zinamzunguka, glavu, buti, tiara kwenye paji la uso, na anapomaliza anasimama vizuri, yule yule mlizi. Hajawa mtu mwingine. Ndo hapo ninapoipenda.

Najua mtasema picha zile zile zinarudiwa kila episodi kubana bajeti. Ndio, wanachora mara moja kwa umakini wote wanatumia kila wiki, lakini kwa mtoto anayeangalia ile kurudiwa ndo utamu wenyewe, unaijua hatua kwa hatua, unasimama mbele ya tivii unaifanya na wewe, na ukifika mwisho unajua sasa anaanza kupigana. Precure, wasichana wengine wanaogeuka, wanafanya hivyo tangu 2004 na bado hawajachosha.

Na kwa kuwa tulizoea hivyo, Madoka Magica ya 2011 ilitukata vibaya. Episodi ya 8. Sayaka, msichana mwenye nguvu za ajabu, amekaa kwenye benchi la stesheni ya treni, usiku, mwenzake Kyoko yuko pembeni yake. Soul Gem, lile jiwe lenye roho yake, imeshakuwa nyeusi ti. Anaongea taratibu tu, kwamba kwa kila aliyemwombea heri kuna mwingine amemlaani, hesabu inalingana. Chozi linadondoka kwenye ile Soul Gem na palepale anazaliwa mchawi. Msichana aliyejitolea kuwinda wachawi ndo huyo sasa anawindwa, na kumbe njia ya kila mmoja wao ilikuwa inaelekea hapo tokea siku aliyokubali ule mkataba. Riboni zote nilizoziona tangu utotoni zikawa na kivuli nyuma yake. Kwangu hiyo inampita Gon, kwa sababu Gon alichagua anajua bei, Sayaka hakuambiwa bei.

Kivuli_Cheusi
@bintiMwezi dah, hiyo ya kuambiwa bei nimeikubali, sikuwahi kuwaza hivyo. Ila nikubishie kidogo, Gon ni mtoto, sijui kama mtoto wa umri ule anajua maana ya "nipoteze vyote" hata kama ameyatamka mwenyewe.

bintiMwezi
Anajua vya kutosha kuogopesha mkuu. Ndo maana Togashi, mwandishi wake, hakumwachia hivi hivi, baadae yuko kitandani nusu mfu na hata alipoponywa nen hana tena.

Ukuta_wa_Rose
Mimi nakuja na tofauti. Sini kali kuliko zote ni ambayo kwa muda mrefu hakuna anayegeuka. Attack on Titan sizoni ya 2 episodi ya 6, Reiner na Bertholdt, askari wenzake Eren ambaye ndo steringi, juu ya ukuta unaozuia Titan, majitu wala watu.

Wametoka kwenye ngome usiku kucha wanapigana, wamechoka, Reiner mkono uko kwenye bandeji. Askari mwingine Hannes kaja kusema hakuna tundu lolote kwenye ukuta, kiongozi wao Hange anapanga warudi mji wa Trost, maongezi ya kazi ya kawaida kabisa. Na pembeni pale, kwa sauti ile ile ya maongezi ya kawaida, Reiner anamwambia Eren kwamba yeye ndo Armored Titan na huyu hapa Bertholdt ndo Colossal, yale majitu yaliyovunja ukuta wa kwao. Kamera haimsogelei usoni, hakuna muziki wa kukushtua, wengine bado wanaongea mambo yao. Mara ya kwanza niliona nimesikia vibaya. Bertholdt ndo anayetokwa jasho, anashindwa kuelewa mwenzake ameanza kuropoka nini.

Halafu Eren, huyu Eren ambaye kila siku anapiga kelele, siku hiyo ndo anakuwa mpole, anamtengenezea njia ya kutokea, anamwambia umechoka tu kichwa hakipo sawa. Anamwomba bila kumwomba. Bendera inapeperuka, mawingu yanafunguka jua linamwangaza Reiner, na anaongea kama mtu aliyekuwa na watu wawili ndani yake, mmoja askari na mmoja shujaa wa kwao, na hajui tena yupi ni yeye. Anafungua bandeji jeraha linatoa mvuke. Mikasa, askari mwenzao, anaruka na upanga kabla sisi hatujaelewa. Ndo muziki wa mtunzi Sawano unaingia na wanageuka.

Sasa mnaona, mwili unageuka mwishoni lakini Reiner alishageuka dakika kadhaa nyuma kwa sentensi moja. Na ukirudia sizoni ya kwanza unaona ilikuwepo muda wote machoni kwake. Hakuna aura inayonipa hiyo hisia.

Nahodha_Kofia
Ukuta_wa_Rose umemaliza, mi hiyo naiweka namba mbili. Namba moja ni Gear 5, umbo jipya la Luffy, One Piece episodi ya 1071, Agosti 2023, na sababu yangu ni fupi, amegeuka anacheka. Luffy kaanguka, adui yake Kaido anajua kamaliza, kisiwa kizima cha Onigashima, ngome ya Kaido kwenye nchi ya Wano, kimekata tamaa, halafu mapigo ya moyo yanasikika kama ngoma na Zunesha, tembo mkubwa kule baharini, anayatambua ni ya Joy Boy, shujaa wa zamani. Anainuka nywele nyeupe, macho yanatoka nje kama katuni za zamani za Kimarekani, baadae anamgeuza Kaido kamba ya kurukia. Miaka yote tangu 1999 anime imekuwa ikituambia huyu jamaa anachotaka ni uhuru, na siku anafika kilele chake anakuwa huru hata na sheria za uchoraji. Wengine wakifika juu wanakunja sura, yeye anafurahi kuliko siku zote.

Mkongwe_wa_Namek
Nahodha nakuheshimu ila hapo tutapishana. Vita ya Wano watu wamekufa, nchi imeteswa miaka 20, na kwenye pigo la mwisho adui ananyooshwa kama raba. Uzito ulinitoka.

Nahodha_Kofia
Mkuu watu wa Wano walilishwa matunda ya SMILE, matunda bandia yaliyoharibika, wakawa wanacheka wasichoweza kukililia, kicheko chao kiliibiwa. Anayekuja kumwangusha Kaido anakuja anacheka kweli kweli. Huo uzito wote umo mle ndani, irudie ukiwa na hilo kichwani.

Mkongwe_wa_Namek
Hiyo ya SMILE nakupa. Nitaiangalia tena.

kimya_kimya
Hakuna aliyemtaja Kaneki? Tokyo Ghoul 2014, mwisho wa sizoni ya kwanza. Kaneki ni kijana aliyegeuzwa nusu ghoul, kiumbe mla watu. Amefungwa kwenye kiti, ghoul mtesaji Jason anamhesabisha kutoka elfu moja akitoa saba saba ili asipoteze fahamu wakati anakatwa vidole, na kichwani mwake anaongea na Rize, ghoul ambaye viungo vyake alipandikizwa, kwenye bustani ya maua meupe yanayogeuka mekundu. Kijana aliyefundishwa na mama yake kwamba bora uumizwe kuliko kuumiza, analigeuza hilo funzo lote pale pale kwenye kiti. Nywele nyeupe unaziona tu, ila kilichogeuka ni lile jibu lake. Walivyoiendeleza baada ya hapo kwenye anime haikunifurahisha, manga ya mwandishi wake Ishida inamtendea haki zaidi, lakini ile episodi hainitoki.

mgeni_wa_anime
Jamani mmenitamanisha. Mi ni mgeni, naweza kuanza Hunter x Hunter moja kwa moja kwenye hiyo sehemu ya Gon na Pitou nikaelewa? Na niangalie ya zamani au ya 2011?

Kivuli_Cheusi
Usifanye hivyo ndugu yangu. Anzia mwanzo, ile ya 2011 ya studio ya Madhouse, episodi 148. Ya 1999 ni nzuri na ina mandhari yake nzito lakini haikufika huko kwa Chimera Ant. Gon wa episodi za kwanza ni mtoto anayecheka na kila mtu, anafanya urafiki na yeyote anayekutana naye, na unamhitaji yule ndo uumie na huyu. Episodi za katikati kwenye lile jumba zinaenda polepole mno, msimuliaji anaeleza kila sekunde, vumilia, usipeleke mbele. Ukifika 131 njoo humu utuambie.

Ukuta_wa_Rose
Na usisome komenti za episodi yoyote mpaka umalize. Hata hizi zetu ungeacha kuzisoma.