Ng'ombe wa lita au ng'ombe wa mafuta? Mjadala wa wafugaji wa Uganda

Mleta mada, Mbarara

Ndugu wafugaji, nauliza jambo la mfukoni kabla ya jambo la afya. Maziwa yasiyoenguliwa yamerudi kupendwa duniani. Kule Marekani, shule ziliacha tangu 2012 kuwapa watoto maziwa yenye mafuta yote. Sasa sheria mpya imeyarudisha. Wastani wa mafuta katika maziwa yao ulikuwa kama asilimia 3.7 mwanzoni mwa miaka ya 2010, leo umevuka 4. Na sisi wa ukanda wa ng'ombe, kuanzia Isingiro mpaka Nakaseke, tumeanza kuambiwa tuachane na Friesian, ng'ombe wa lita nyingi, tupandishe Jersey, mdogo wa maziwa mazito, eti soko linataka mafuta.

Soko lipi? Mimi napeleka maziwa kituo cha kupozea, na pale nalipwa kwa lita. Tufanye hesabu. Friesian anayetoa lita 20 zenye mafuta asilimia 3.5, na Jersey anayetoa lita 14 zenye asilimia 5, wote wanatoa gramu 700 za mafuta kwa siku. Siagi ya kiwandani ni ileile. Lakini mwenye Jersey amepungukiwa malipo ya lita sita kila siku. Kiwango cha Afrika Mashariki kinadai mafuta ya maziwa ghafi yasipungue asilimia 3.25. Ukifika hapo umepita. Ukileta 5 unaambiwa asante mzee. Mashine inaengua kilichozidi, kinauzwa kama siagi au samli, na wewe huoni hata shilingi.

New Zealand, wafugaji wa ushirika wa maziwa wa Fonterra wanalipwa kwa kilo za mafuta na protini, si kwa ujazo. Huko Jersey ana nafasi yake. Msimamo wangu: bei ibadilike kwanza, ng'ombe atafuata. Anayepinga aseme.

Mfugaji, Kazo

Mzee, nakupinga. Umehesabu kinachotoka chuchuni, hukuhesabu kinachoingia mdomoni. Jersey ana kilo 400 hadi 450 hivi. Friesian mkubwa anapita 600, na mwili ule unadai majani kila siku, awe na maziwa au hana. Kiangazi kikikaza na bwawa likabaki tope, Friesian anakonda na lita zinashuka. Jersey anavumilia joto kumshinda. Kwa mwenye ekari mbili anayekata matete na kuwalishia zizini, hiyo ndiyo hesabu.

Halafu kuna muda. Tangu siku ya kupandisha mpaka mtamba atakayezaliwa aanze kukamuliwa, ni karibu miaka mitatu. Kiwanda kinaweza kubadili bei kwa barua moja Jumatatu asubuhi. Zizi halibadiliki kwa barua. Ukingoja bei ndipo upandishe, mwenzako atakuwa anauza krimu wewe bado una ndama.

Muuza samli, Kampala

Mzee wa Mbarara anauliza soko lipi. Soko ni mimi.

Natengeneza samli na bongo, yaani maziwa ya mgando. Kwa maziwa ya Friesian nahitaji kama lita 30 nipate kilo moja ya samli. Ya Jersey, lita 21 hivi zinatosha, na kuni na mikono ya kusukasuka inapungua. Kwa hiyo anayeniletea maziwa mazito namwongezea bei, wala sihitaji maabara kumjua. Misimu ya harusi, wateja wenye asili ya Ankole wanataka samli ya eshabwe, ule mchuzi mweupe wa kwao. Waonyeshe siagi ya paketi uone watakavyokutazama.

Tena nyie watu wa viwanda mmesahau upesi. Machi 2023 Kenya ilipozuia maziwa ya unga kutoka nje, waliozoea kuuza huko walianza kutafuta mlango mwingine. Samli yangu haikuomba kibali cha mtu. Inaliwa hapahapa, na inakaa miezi bila barafu.

Tatizo langu ni kupata maziwa yenyewe. Wenye maziwa mazito kweli ni wa Ankole wa pembe ndefu, na huyo, ndama akishanyonya, unapata lita moja au mbili. Siwezi kujaza sufuria kwa hayo. Mwenye chotara wa Jersey na Ankole anitafute, tutaelewana.

Daktari wa mifugo, Lyantonde

Kabla ya kuuza ng'ombe, angalieni hori. Mafuta ya maziwa yanategemea sana nyuzi za majani anayocheua. Mvua zikianza nyasi changa zikajaa, au mtu akimwaga pumba nyingi bila majani marefu, mafuta yanashuka hata kwa Jersey.

Pili, asilimia ya mafuta inarithiwa vizuri kuliko wingi wa lita, kwa hiyo hata ndani ya Friesian unaweza kuchagua dume wa mafuta. Wamarekani wengi hawakubadili aina ya ng'ombe. Tangu 2009 wanachagua madume kwa kupima jeni, pamoja na lishe bora, na Holstein walewale, ndugu wa Friesian, ndio waliopandisha ile asilimia. Mkienda kuulizia mbegu Entebbe, kwenye kituo cha taifa cha jeni za mifugo, ulizieni mafuta ya binti za dume, msiishie kwenye lita.

Jersey naye ana lake. Akizaa yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya homa ya maziwa, yaani kupungukiwa kalsiamu. Na kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, hana ujanja wowote anaomzidi Friesian. Huku kusini magharibi kupe wengi wameshazoea dawa, kila mtu anajua.

Kuhusu afya nitasema kidogo. WHO mwaka 2023 ilishauri mafuta yanayoganda, kama ya siagi, yasizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku. Ila mtoto aliyeanza maziwa ya ng'ombe na hajafika miaka miwili, msimpe yaliyoenguliwa.

Mkusanyaji wa maziwa, Kiruhura

Nimesoma yote, hakuna aliyesema nani atapima.

Vituo vingi vinategemea laktomita na jaribio la alkoholi la kujua kama maziwa yameanza kuchacha. Laktomita haijui mafuta, inajua uzito. Mafuta ni mepesi, hivyo mjanja akiengua krimu kipimo kinapanda. Akiongeza maji kinarudi palepale kinapotakiwa, na maziwa yanapokelewa. Krimu amebaki nayo nyumbani. Leo tukitangaza kulipa kwa mafuta tukiwa na kifaa hicho, tutakuwa tunalipa hewa.

Jaribio la kweli la mafuta ni la Gerber. Lina asidi kali ya salfuriki, mashine ya kuzungusha na mtu aliyefundishwa asijiunguze. Halafu maziwa yenyewe hayatulii: ya jioni na ya asubuhi hayalingani, na ya mwisho kutoka chuchuni ni mazito kuliko ya kwanza. Mfugaji wa keni moja nimpime kila siku? Foleni itaisha saa ngapi, na maziwa ya walio nyuma yatakuwa yamechacha?

Mleta mada, Mbarara

Wa Kazo, kwenye ile miaka mitatu umenibana. Nitapandisha mitamba wawili Jersey. Waliobaki ni Friesian, ila dume nitamtaka wa mafuta kama daktari alivyoeleza. Mama wa Kampala, bei yako ni nzuri, lakini wewe unamaliza lita ngapi kwa siku? Wilaya nzima haiwezi kuishi kwa sufuria moja.

Mkusanyaji, hapo kwenye kupima ndipo penye kazi. Napendekeza kila mfugaji achukuliwe sampuli kidogokidogo kwa siku kumi, asubuhi na jioni, zitiwe dawa ya kuhifadhi na kuchanganywa, zipimwe mara moja. Sampuli ya pili ibaki kwa ushirika, ili anayebisha aende kupima kwingine. Asidi na mshahara wa mpimaji nasema alipe mwenye kiwanda, maana siagi anauza yeye. Najua wapo watakaosema tukatwe sisi kwenye lita. Ushirika wenu huko Kiruhura umeshalijadili hili?